Alama Chini ya Mkono

Jumatatu, 4 Machi 2024. Katesh.

"Umbo zima la gitaa hili, pamoja na kiegemeo chake cha mkono na nembo ya lango iliyochongwa juu yake, lilichorwa na Ayubu mwenyewe kwenye karatasi moja, asubuhi moja, kabla chai yake haijapoa."

Ndivyo kinavyosema kijitabu cha kampuni ya magitaa, ukurasa wa nne. Nimekisoma mara tatu nikiwa nimesimama, kisha nikakitoa fotokopi ili nipate nakala ya kuitia wino mwekundu. Sasa nijibu.

Kwanza, Ayubu hajui kuchora. Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli, na ng'ombe wake alikuwa na miguu mitano. Pili, gitaa hili halikuwahi kukaa kwenye karatasi yoyote. Lilitoka kwenye gogo, kwa tezo, patasi na randa, miezi minne mizima ya mwaka 1996, katika karakana ya Margwe pale Gendabi. Nilikuwepo. Nilikuwa mwimbaji wa bendi yetu, Ayubu akipiga gitaa, na karakana ile ndiyo ilikuwa chumba chetu cha mazoezi. Nilimwona Margwe akivunja dainamo za baiskeli apate sumaku za kunasa sauti ya nyuzi. Nilimshikia waya wa redio mbovu akiuzungusha kwenye sumaku hizo, mizunguko elfu kadhaa, akihesabu kwa Kiiraqw na kunikataza kukohoa. Nilimwona akikata spoku za baiskeli na kuzipachika kwenye shingo. Chai ilipoa mara nyingi sana katika miezi hiyo.

Tatu, na hili ndilo linalonichoma: katika kurasa kumi na sita Margwe hatajwi hata mara moja. Ukurasa wa shukrani unamtaja mpiga picha, mpishi wa hafla na mbwa wa mkurugenzi.

Yametengenezwa magitaa sitini. Kila moja lina namba nyuma, na sahihi ya Ayubu kwa wino wa dhahabu. Wanaliita toleo maalumu. Kampuni yenyewe siitaji, haistahili tangazo la bure.

Margwe hawezi kujibu. Alikufa tarehe 3 Desemba iliyopita, tope liliposhuka kutoka mlimani. Mimi naweza, huandika makala gazetini. Nataka kitu kimoja tu: jina lake liandikwe kwenye gitaa alilolitengeneza.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mashine ya fotokopi dukani kwangu imegoma kwa unyevu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia Ayubu. Yuko Dar es Salaam, anajiandaa kwa onyesho.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani alichora gitaa?"

"Hata hujaniuliza watoto."

"Watoto hawajambo, mama yao aliniambia jana. Nani alichora?"

"Dada, ile ni lugha ya biashara. Watu wananunua hadithi."

"Basi wape ya kweli. Ni tamu kuliko hiyo ya chai."

"Ya kweli haina karatasi. Mwanasheria wao anasema lete mchoro, lete mkataba, lete barua. Wewe una nini?"

"Nina macho."

"Macho yako yanagombana na nchi nzima tangu niko darasa la pili."

Akacheka, na mimi nikacheka kabla sijajizuia. Nilipokata simu nilijiona nimeshindwa. Anajua kunichekesha, na anajua nikishacheka hasira inapungua makali. Leo nimeinoa upya.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani mosi. Mvua tangu alfajiri.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda Gendabi kumwona Fransiska, mjane wa Margwe. Anakaa kwa kaka yake, upande ambao tope halikufika. Nilimkuta shambani, mahali pale pale palipokuwa na karakana. Mawe makubwa yamebaki yalipotupwa na mlima, na katikati ya mawe amepanda mahindi. Yamestawi kuliko ya majirani wote. Nikayasifia. Akaniangalia.

"Ndiyo, yanapendeza," akasema. "Sijui kama nitaweza kuyala."

Nilimwonyesha kijitabu. Anasoma polepole, kwa kidole. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, nadhani akifikiri ameruka mahali.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo. Ndiyo maana nimekuja. Kuna karatasi yoyote, Mama Baltazar? Daftari lake la vipimo?"

"Karatasi zilikuwa kwenye karakana, Mama Zulfa. Na gitaa lenyewe."

Hilo la gitaa nililijua. Ayubu alilipiga miaka ishirini na saba, na kila shingo ilipopinda alilituma kwa basi hadi kwa Margwe, kwa sababu mafundi wa Dar walishindwa kulielewa. Novemba alilituma tena. Kampuni ilikuwa imekwisha kulipima na kulipiga picha kila upande. Kwa hiyo nakala sitini zipo, na la asili liko chini ya mawe.

Halafu Fransiska akasema jambo ambalo sikulijua.

"Siku ya tope alikuwa ametoka. Tulikuwa wote nje, tumeshafika juu kule kwenye ile miti. Nimemshika shati. Akasema, gitaa la watu. Nikamwambia acha. Akasema, si langu mama, ni gitaa la watu. Akarudi."

Aling'oa gugu moja, akalishika mkononi, hakulitupa.

"Yeye walimpata siku ya tatu. Gitaa hapana. Hilo usiliandike kwenye gazeti."

Nimemwahidi. Hapa ni daftarini tu.

Nimerudi Katesh nimelowa mpaka mifupani, na njia nzima nilikuwa nikisikia maneno mawili. La watu. Margwe alilitengeneza kwa mikono yake, akalitunza miaka yote, akafa akiliita la watu. Ayubu hakupiga hata msumari mmoja, naye analiita langu.

Jumanne, 19 Machi

Mwanasheria wa kampuni amejibu barua yangu ya kurasa kumi na mbili kwa mistari minne. Wa tatu unasema: "Kumbukumbu ya mdomo si ushahidi wa ubunifu." Nimemjibu kwamba sheria nyingi anazozitegemea zilikuwa mdomoni karne nyingi kabla hazijapata karani. Hatajibu. Mhariri wa gazeti naye anasema makala yangu ni ndefu na ina matusi. Ina tusi moja, tena la kistaarabu.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Futari kwa jirani. Nimebishana na watu watatu na hakuna hata mmoja aliyejua tunabishania nini.

Jumanne, 26 Machi

Niandike taratibu.

Leo mnadani kulikuwa na watu wengi, na wengi hupitia dukani kwangu kutoa nakala za vibali vya mifugo. Saa sita akaingia mzee mmoja wa Getanuwas, Gidamis, mfugaji. Namjua kwa sura. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa karatasi zake. Nilihangaika na mashine, kisha nikageuka. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta ambako nimebandika jalada la kijitabu, lile lenye picha ya gitaa.

"Mzinga wa baba yangu unafanya nini ukutani kwako?"

"Huo si mzinga, mzee. Ni gitaa."

"Gitaa nalijua. Nauliza mzinga." Akaweka kidole juu ya ile nembo. "Miguu miwili imesimama, mmoja umelala juu. Hii ni ya kwetu. Iko kwa ng'ombe, iko kwa mizinga ya nyuki. Ukija Getanuwas nakuonyesha mpaka uchoke."

Nikavuta kiti. Akakaa, akaweka fimbo kati ya magoti. Mashine niliizima.

Mwaka 1996, akasema, tawi lilivunjika na mzinga wao ukaanguka, ukapasuka katikati. Ulikuwa wa mti wa mringaringa, mkubwa, wa zamani. Nyuki waliondoka. Margwe aliukuta akitafuta mbao, akabeba nusu yake mgongoni mpaka kwa baba yake Gidamis.

"Angeweza kuondoka nao. Nani angemwona? Akaja. Akasema, mzee, nimeona alama, nikajua pana mwenyewe. Baba akasema, chukua, lakini alama usikwangue. Ukikwangua wewe ni mwizi. Usipokwangua umeazima tu, hata ukikaa nao mpaka ufe."

Nikaitazama upya ile picha ukutani. Gogo zima lilirandwa mbele likawa bapa, isipokuwa kipande kimoja, pale mkono wa kulia unapolala. Hapo Margwe aliacha gogo lilivyokuwa, likavimba kama nundu ya ng'ombe, na alama juu yake. Hicho ndicho ambacho kijitabu kinakiita "kiegemeo cha mkono, ubunifu wa kipekee wa Ayubu". Na mgongo uliobonyea, ambao kijitabu kinasema Ayubu aliupima kwa tumbo lake, ni ndani ya mzinga. Pale ndipo nyuki walipokaa. Ndiyo maana gitaa lile likipigwa juani lilinukia nta, na sisi tukimtania Ayubu kwamba anajipaka mafuta ya kishamba.

Na mimi nilikuwepo. Hili ndilo linaloniua. Nilimwambia Margwe, mbele ya bendi nzima: "Fundi, umechoka? Mbona umeacha nundu?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Hapo pana mwenyewe." Tukacheka. Nilidhani anasema fundo la mti. Miaka ishirini na minane nimekuwa nikilisimulia kama utani.

Gidamis alipoinuka kwenda akageuka mlangoni.

"Wewe ndiye Hajira wa gazeti?"

"Ndiyo, mzee."

"Uliandika kwamba wafugaji wa Getanuwas hawana maandishi, ndiyo maana wakija kwenye baraza la ardhi hawana hoja. Mjukuu wangu alinisomea."

Niliandika. Mwaka 2019. Niliipenda sana sentensi ile.

"Nilitaka nikuulize siku moja," akasema, "lakini naona umeshajiuliza." Akachukua nakala zake, akatoka kwenye mvua.

Jumapili, 31 Machi

Nimekwenda Getanuwas kwa bodaboda, tumeanguka mara mbili. Nimepiga picha mizinga saba yenye alama ile, mmoja mzee hata magome yake yamegeuka jivu. Gidamis hakusema neno kuhusu gazeti. Mkewe alinitayarishia maziwa, akakumbuka nimefunga, akayamimina kwenye kidumu nikafuturie.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeandika barua ya kujikanusha kwa makala ya 2019. Ya kwanza maishani mwangu. Mhariri ameniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Idi ilikuwa jana. Ayubu alikuja.

Alikuja na gitaa namba moja ndani ya sanduku jeusi. Tukala pilau, tukawacheka watu wa familia ambao hawakuwepo, kama kawaida. Watoto walipotoka nilifungua lile sanduku mwenyewe bila kuomba ruhusa, nikaliweka mezani kati ya sahani, na pembeni yake nikapanga picha saba za mizinga.

Aliziangalia moja moja. Akaweka kidole juu ya nundu, kisha juu ya picha, kisha juu ya nundu.

"Nilijua si yangu," akasema. "Sikujua ni ya nani."

"Lango la muziki, mmeandika. Ukurasa wa nne."

"Waliniuliza maana yake. Nikasema kitu kilichonijia mdomoni."

"Na Margwe hakukujia mdomoni?"

Hapo uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimejiandaa kwa utani, kwa lugha ya biashara, kwa mwanasheria. Nilikuwa na majibu ya yote hayo, nimeyaandika hata kwenye kiganja. Sikuwa nimejiandaa kwa alichosema.

"Dada, unajua kwa nini alirudi ndani?"

"Najua."

"Fransiska aliniambia kwenye matanga. Hakunilaumu. Alinipa chai, akanieleza kama anavyomweleza mtu njia ya kwenda kisimani. Mimi ndiye niliyelituma. Shingo ilikuwa imepinda kidogo tu, ningeweza kusubiri mpaka Januari." Akafunika sanduku. "Nikimtaja jukwaani wataniuliza, yuko wapi huyo fundi, mlete tumwone. Nitawaambia nini?"

"Utawaambia hivyo hivyo ulivyoniambia."

"Wewe ungeweza. Wewe kila mtu akikunyamazisha unapata nguvu. Mimi nikisimama pale napiga gitaa tu. Nikisema hilo sitapiga tena."

Kwa mwezi mzima nimemchukulia kama mwizi katika daftari hili, na jana niliona ni mtu anayekimbia. Sikumhurumia vya kutosha kumwachia. Nilimwambia: "Zungumza na kampuni. Jina moja tu. Hata kama huwezi kusema alivyokufa, sema aliishi."

Akasema atazungumza. Aliposimama kuondoka akanishika mkono kama tulipokuwa wadogo. Nilimwamini.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua imekata barabara. Hakuna magazeti, hakuna Ayubu.

Jumamosi, 27 Aprili

Alizungumza nao, akawaonyesha picha zangu za mizinga. Haya ndiyo matunda yake, nanukuu barua waliyowatumia wanunuzi wote, ambayo mmoja wao wa Arusha amenirushia kwenye simu:

"Ili kuondoa utata uliojitokeza kuhusu asili ya nembo, wenye magitaa yote sitini wanaalikwa kurejesha magitaa yao kabla ya tarehe 30 Juni, ambapo kiegemeo na nembo vitarandwa ili uso wa gitaa uwe laini. Toleo lijalo halitakuwa na kasoro hiyo."

Kasoro. Niliwaonyesha mwenye mali, wakaenda kutafuta randa.

Nimekosea tena, na safari hii nimekosea kwa akili zangu zote. Nilidhani ushahidi ukiwa wazi aliyekosa atainama. Kumbe nilikuwa nawaonyesha mahali pa kukata.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemsomea Gidamis barua ile kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mpaka jana walikuwa wameazima," akasema. "Hawakujua. Mtu asiyejua unamwelekeza. Lakini sasa umewaambia, na wanakwangua."

"Ndiyo, mzee."

"Basi sasa ndiyo wizi."

Jumapili, 5 Mei

Mvua ndogo. Ayubu hapokei simu.

Jumanne, 14 Mei

Kampuni imeweka picha kwenye ukurasa wake. Ayubu ameketi kwenye kiti kirefu, analo gitaa namba moja mapajani. Uso wa gitaa ni laini kama sinia. Mkono wake wa kulia umelala juu ya mahali palipokuwa na nundu, unaonekana kama haujui pa kukaa. Maandishi chini yanasema: "Ayubu, wa kwanza kuitikia."

Wa kwanza. Alama aliyoijua, aliyoigusa kwa kidole mezani kwangu siku ya Idi.

Nilikaa dukani na mlango umefungwa. Sikuandika chochote kwa hasira, na hiyo ni habari mpya kwangu. Nilipekua tu vitu vya zamani, nikapata ile karatasi yake ya shule yenye ng'ombe wa miguu mitano. Nimeirudisha mahali pake. Kwa sheria ya baba yake Gidamis, ambayo ni sheria safi kuliko nyingi nilizosoma, mdogo wangu ni mwizi tangu wiki hii. Namjua anakimbia nini. Lakini amekimbia akiwa na randa mkononi.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekwenda Gendabi. Mahindi yameanza kukauka. Nilimwonyesha Fransiska ile picha, nikidhani atalia. Akaikuza kwa vidole viwili, akaangalia mkono wa Ayubu.

"Margwe alikuwa anasema pale ndipo mkono unapumzika," akasema. "Sasa utachoka." Kisha akanirudishia simu. "Lile nililokukataza, Mama Zulfa. Liandike."

"Kwamba alirudi?"

"Andika alirudi. Na andika alichosema."

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imekwisha. Nimeandika, Mama Baltazar. Kurasa hizi nazitoa kwenye daftari langu, nazipiga chapa kwa mashine yangu mwenyewe, na kuzituma kwa kila mnunuzi nitakayempata. Simwandikii tena mwanasheria wala mhariri. Nawaandikia ninyi hamsini na tisa mliobaki.

Mna magitaa namba mbili hadi sitini. Mmeitwa mkayarejeshe yarandwe. Msiyapeleke. Weka gitaa lako mezani, mwangani, uangalie pale mkono wako wa kulia unapolala. Mistari miwili imesimama, mmoja umelala juu yake. Hiyo si lango wala muziki. Ni alama ya nyumba ya Gidamis wa Getanuwas, iliyomruhusu fundi mmoja kutumia mzinga wao kwa sharti moja, naye akalitunza sharti hilo maisha yake yote. Wewe hukuahidi kitu, lakini sasa umeambiwa, na aliyeambiwa hasemi tena kwamba hakujua.

Kisha geuza gitaa. Chini ya sahihi ya dhahabu, kwa kisu, kwa msumari, kwa chochote kitakachoingia kwenye mti, andika: Margwe, Gendabi, 1996. Piga picha, nitumie dukani kwangu Katesh, nizibandike ukutani mpaka zifike hamsini na tisa. Nafasi ya sitini nitaiacha wazi. Mwenye nayo anajua ninapokaa.

Na siku mkilipiga mbele za watu, mtu akauliza gitaa hili ni la nani, msijibu kwa jina la mdogo wangu, wala kwa jina lenu. Mjibu kama alivyojibu Margwe alipokuwa nje, salama, na mkewe amemshika shati. Semeni ni la watu.